Yashtimadhu kwa Sauti ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu alikunywa yashtimadhu mara tatu kwa siku, kwa wiki saba, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia anywe. Naanza na hilo makusudi. Kila nilipojaribu kuisimulia habari hii nilianza mbali, kwenye uzuri wa majina ya miti, na nilipofika kwenye kosa msikilizaji alikuwa ameshanipenda. Sitaki kupendwa kwa njia hiyo tena.

Majina yenyewe niliyaokota kazini. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ghala moja Wetherill Park, hapa Sydney, linaloagiza viungo na dawa za mitishamba kutoka India, na kazi yangu ilikuwa kubandika lebo mpya pale ambapo za zamani zilikuwa zimechanika au zimekosa maelezo yanayotakiwa hapa. Wiki ya kwanza nilishika mfuko wa unga wa rangi ya vumbi ulioandikwa ashwagandha. Dada mmoja Mgujarati, ambaye tulikuwa shifti moja, akaniambia kwamba kwa Kisanskriti hiyo ni harufu ya farasi.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Sijawahi kusimama karibu na farasi maishani mwangu, lakini niliamini papo hapo.

Nilinaswa hapo. Niseme ukweli wote: nilikuwa nimeacha chuo cha uuguzi katika mwaka wa kwanza. Sikufeli. Nilipata alama nzuri ambazo kwangu hazikuwa nzuri vya kutosha, nikawa nalala na karatasi za mitihani kichwani kama jiwe, mpaka siku moja nikashindwa kuingia darasani. Sasa nilikuwa nimepata somo lisilo na mwalimu wala mtihani, ambalo hakuna mtu wa kunipa alama. Kwenye treni kutoka Macquarie Fields, kisha kwenye basi, nilijifunza. Nilijifunza kwenye simu herufi za Devanagari, zile zinazoandikia Kisanskriti. Niliazima vitabu maktaba na kuviongeza muda mpaka vikakataa. Nilijua kwamba guduchi huitwa pia amrita, isiyokufa, kwa kuwa kipande chake ukikitundika kwenye miti kinaendelea kuchipua. Nilijua kwamba shubiri, ile ile ambayo wanawake wa kambi yetu ya wakimbizi Kigoma walipaka kwenye matiti ili kumwachisha mtoto kunyonya, Wahindi wa kale waliiita kumari, yaani msichana. Nilipogundua kwamba mwarobaini wetu ndio nimba yao, nilisimama ghafla kwenye behewa, nikaketi tena, nikaona haya.

Yule dada wa shifti alikuwa akinicheka. "Unayajua majina kuliko bibi yangu," aliniambia siku moja tukifungua masanduku. "Lakini bibi yangu kabla hajakupa hata jani moja, alikuwa anakuuliza choo chako kikoje, unalala saa ngapi, umekula nini jana, umegombana na nani. Mpaka unatamani ungebaki na ugonjwa wako."

Nilicheka naye. Sikuandika alichosema, kwa sababu hakikuwa jina.

Nilichoandika kilikwenda kwenye daftari langu, daftari gumu lisilo na mistari. Kila mmea ulikuwa na ukurasa wake: jina kwa Devanagari kwa wino mweusi, jina kwa herufi zetu pamoja na nukta na vistari vyake kwa bluu, maana yake, ladha yake, kama ni wa moto au wa baridi mwilini, unatumika kwa nini, na mwisho kabisa nani asiutumie. Ukurasa wenye kosa niliuchana. Sikufuta wala sikukata kwa kalamu, niliuchana wote nikaanza upya.

Yashtimadhu ulikuwa ukurasa wangu mgumu kuliko yote. Yashti ni fimbo, madhu ni asali. Ni mizizi mitamu, ile Waingereza huiita liquorice, ukiitafuna utamu wake unabaki kooni hata baada ya kunywa maji. Jina lake linataka nukta mbili chini ya herufi, na mara ya kwanza nilisahau moja. Nikauchana. Mara ya pili wino ulivuja. Mara ya tatu mistari ilipanda upande wa kulia. Mara ya nne kila kitu kilikaa sawa, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini, ila nafasi ya chini ilikuwa imekwisha na ulikuwa umebaki mstari mmoja. Ulisema hivi: asipewe mwenye presha, wala anayevimba miguu, wala anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini. Nikiuandika ungeingia kwenye ukingo mweupe niliouacha kuzunguka ukurasa. Nikauangalia ukurasa ule kwa muda mrefu. Ulikuwa mzuri. Nikajiambia kwamba huo mstari nitaukumbuka tu, nikafunga daftari.

Mama mdogo ndiye aliyenilea tangu kambini. Huku anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwavalisha, na Jumapili anaimba kwaya kwenye kanisa letu la Blacktown. Anaposema neno lolote lile, hata "funga mlango", unasikia kwamba kuna wimbo unakaa humo ndani. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, alishikwa na mafua, na mafua yalipoondoka yaliondoka na sauti yake. Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla kwaya yetu haijapokea kwaya nyingine za Warundi na Wakongo wa Sydney, na yeye ndiye aliyekuwa aongoze nyimbo tatu.

"Sauti imekwenda likizo," alisema kwa mnong'ono, mezani. "Haijaniaga."

Nikaenda chumbani nikarudi na daftari. Nikamfungulia ukurasa ule mzuri. Nikamsomea kwa sauti, kwa lafudhi niliyojifunza kwenye simu: svarya, yenye kufaa sauti, kanthya, yenye kufaa koo. Hakuelewa neno hata moja, akanitazama kama anavyowatazama watoto wakisoma shairi kanisani. Siku iliyofuata nilimletea kopo zima la unga wa mizizi hiyo kutoka kazini, tulikuwa tunaruhusiwa kununua kwa bei nafuu. Nikamwonyesha kijiko. Asubuhi, mchana, jioni, kwenye maji ya moto.

Sikumuuliza chochote. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi akimeza vidonge viwili, kimoja cheupe cha presha, na kimoja kidogo alichokiita cha kukojoa, kwa kuwa kilimtuma chooni mara tatu kabla hajafika stesheni. Nilikuwa nikimpa maji ya kuvimezea.

Baada ya siku kumi sauti ilirudi. Labda ingerudi yenyewe. Lakini pale kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, alinisimamisha mbele ya akina mama wenzake.

"Huyu ndiye daktari wangu," akasema. "Daktari wa mizizi."

"Hiyo mizizi siyo ya miungu ya Wahindi kweli?" akauliza mmoja, Mkongo, akiwa ameshika kopo mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika kuku aliyelowa. "Mimi sitaki niimbe halafu sauti itoke ya mwingine."

"Mungu aliotesha mti, Mhindi akaupa jina," mama mdogo akamjibu. "Wewe mama, una jina la Kifaransa na hatujakuuliza."

Wakacheka mpaka mpiga kinanda akatuomba tunyamaze. Watatu wakaniuliza dawa ya magoti, ya usingizi, ya mume anayekoroma. Niliwajibu wote. Nilikuwa na kurasa zao. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimejaa, na naona haya kuandika kwamba ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu niache chuo.

Kwaya ziliimba, mama mdogo akaongoza, watu wakalia. Nilidhani ataacha dawa. Hakuacha. "Kwa nini niache kitu kizuri?" Nikakubali. Nilipenda kumwona akikoroga.

Kwenye wiki ya sita alianza kulalamika miguu. Alisema ni mizito kama imevaa matope. Halafu moyo, "unaruka kamba," alisema. Wiki ya saba, akishuka ngazi za kanisa, magoti yalimwacha, akaketi chini mbele ya watu wote na skafu yake ya kwaya. Tukampeleka hospitali.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mimi ndiye mdomo wa mama mdogo. Tangu nikiwa na miaka kumi na moja, tulipofika hapa, nimemsemea benki, shuleni, kwenye ofisi za makazi, kwa daktari wa meno. Bintiye, mdogo wangu, anaelewa Kiswahili chote lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza, na ukimwomba atafsiri anasema, "Amesema anaumwa," basi. Familia nyingi kanisani ziko hivyo, kila nyumba ina mtoto mmoja wa kazi hiyo. Hospitali wakasema wanaweza kumpigia simu mkalimani, bila malipo. Mama mdogo akapunga mkono. "Waambie sihitaji mtu wa simu. Nina mwanangu."

Presha ilikuwa juu sana. Damu ilionyesha kwamba potasiamu imeshuka. Daktari, msichana ambaye hakunizidi hata miaka mitano, aliketi kwenye ukingo wa kitanda akamtazama mama mdogo usoni, siyo mimi. Akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama kuna dawa yoyote ya asili anayotumia, majani, mizizi, chai ya mitishamba, kitu chochote.

Mama mdogo akanigeukia, akisubiri nimletee swali.

Ule mstari niliouacha ulinijia wote, neno kwa neno, na mahali ambapo ungekaa. Niliuona ule ukingo mweupe. Nilijua. Sitajisingizia kwamba sikujua. Nikamtazama daktari, nikasema hapana, hatumii kitu.

"Anauliza nini?" akauliza mama mdogo.

"Anauliza kama unakula vizuri."

"Mwambie ninakula. Mwambie jana nilikula ugali na dagaa, na mchicha nimeulima mwenyewe nyuma ya nyumba."

"Anakula vizuri," nikamwambia daktari.

Walimlaza na kumwekea dripu. Mchana nesi aliniambia kwamba mama ameomba maji ya moto mara mbili, na nesi alipoondoka nikaona lile kopo. Lilikuwa kwenye mkoba wa mama mdogo, kati ya Biblia na chupi safi. Nikalichukua, nikamwambia hapa hawaruhusu vitu vya nje. Akanyang'anywa dawa kwa uongo mwingine, naye akaniomba radhi. Alisema, "Samahani, mwanangu, nisije nikakuletea matatizo na watu."

Nilijituliza kwamba sasa hanywi, atapona, itakwisha bila mtu kujua. Usingizi nilipata. Hilo pia naliandika.

Lakini madaktari hawakuwa wajinga. Mtu ambaye presha inapanda na potasiamu inashuka bila sababu, wanamtafutia sababu. Siku ya tatu yule daktari alikuja kueleza kwamba juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, kwamba pengine katika moja kumeota kitu, na kwamba watampiga picha ya tumbo na kumpima zaidi, labda baadaye kumpeleka kwa mtaalamu wa upasuaji. Alisema mara nyingi uvimbe wa aina hiyo si wa hatari. Nikatafsiri. Safari hii nilitafsiri kila neno, kwa uangalifu wote, nikatafuta hata neno zuri la tezi. Mama mdogo alisikia neno moja tu, uvimbe.

Dada yake mkubwa alikufa kwa uvimbe, kambini.

Nilipofika siku iliyofuata alikuwa ameketi kitandani amefunga kilemba vizuri, na bintiye ameketi kwenye kiti ana karatasi. Mama mdogo alikuwa akigawa vitenge vyake. Cha njano kiende kwa yule Mkongo, "amekitamani miaka yote." Cha harusi kiwe cha bintiye. Skafu ya kwaya irudishwe kanisani, isizikwe naye.

"Mum, stop it," bintiye akasema. Alikuwa akiandika na kulia.

"Andika, wewe. Usinijibu Kiingereza siku ya leo."

Akaniona. "Na wewe daktari wangu, nimekuwekea kile cha bluu. Usilie. Njoo ukae."

Sikukaa. Nilitoka nikatembea hadi kwenye meza ya manesi, nikasema namtaka daktari, na aliponijia nikamwambia pale pale tukiwa tumesimama, huku mtu akisukuma kitoroli cha chakula katikati yetu. Nikasema anatumia mizizi. Nikasema jina kwa Kisanskriti kwanza, Mungu anisamehe, kwa sababu ndilo nililolijua vizuri, kisha nikamwambia kwa Kiingereza. Nikasema ulipomuuliza nilijibu mwenyewe. Swali halikumfikia.

Hakunikaripia. Ukali ungenisaidia. Aliuliza ni vijiko vingapi, kwa muda gani, mara ya mwisho lini, akaandika. Akasema asante. Akasema picha ya tumbo itasubiri, watapima damu tena kwanza, na kuna uwezekano mkubwa ni hiyo mizizi tu, na kwamba mwili unachukua wiki kadhaa kurudi sawa. Halafu akaniuliza, "Yeye anajua?"

"Hapana."

"Nimpigie mkalimani, au utamwambia wewe?"

Nikasema nitamwambia mimi. Nilimwomba mdogo wangu akanunue maji. Nikakaa kwenye ule ukingo wa kitanda alipokuwa ameketi daktari, nikamwambia mama mdogo: huna uvimbe, ni dawa yangu. Nilijua haiwafai wenye presha. Nilipaswa kuliandika hilo, nikaliacha.

Mkono wake wenye dripu ulikuwa juu ya shuka, na kidole kimoja kilikuwa kikipiga mapigo ya wimbo fulani, kikaacha.

"Daktari aliuliza kuhusu dawa?"

"Aliuliza."

"Siku ile ya kwanza? Aliniuliza mimi?"

"Alikuuliza wewe."

"Na mimi nikajibu nini?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo.

"Ulijibu hapana."

"Kumbe," akasema. "Nimedanganya hospitalini, wala sina habari."

Nikaanza kulia, nikaanza kusema samahani, na yeye akainua ule mkono huru, siyo kwa hasira, kama anavyowanyamazisha waimbaji wa sauti ya nne wakitangulia. "Dawa siyo kitu," akasema. "Hata mimi nimewahi kumpa mtoto wa jirani kitu kikamharisha. Dawa ulinipa kwa kunipenda, nimeona. Lakini hilo la mdomo." Hakumalizia. Bintiye alirudi na maji, na mama mdogo akaanza kumpa maelekezo mapya ya vitenge vyake, kwamba hakuna kitenge kinachokwenda popote, achane hiyo karatasi.

Damu ilirudi sawa polepole. Picha ya tumbo haikupigwa. Kanisani mama mdogo alisema tu kwamba ile mizizi haimfai mwenye presha na asiitumie mtu bila kumuuliza daktari, na hakunitaja. Niliwafuata wale watatu wa magoti, usingizi na mkoromo, mmoja mmoja, nikawaambia waache dawa nilizowatajia, na kwa nini. Mama wa magoti alisema hakuwahi kuanza. Aliikubali tu kwa adabu.

Wiki nne baadaye mama mdogo alikuwa na miadi ya kurudi hospitali. Nikaomba ruhusa kazini kama kawaida, nikampeleka kama kawaida. Daktari alipofungua mlango na kutukaribisha, mama mdogo alinipa mkoba wake.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza, maneno mawili ambayo lazima aliyafanyia mazoezi, "Interpreter, please."

Nikakaa kwenye kiti cha korido na mkoba mapajani. Mlango haukufungika vizuri. Nikasikia simu ikiita kwenye spika, kisha sauti ya mwanamume, ya mtu wa pwani, yenye heshima na isiyo na haraka. "Shikamoo mama. Mimi nitatafsiri kila kitakachosemwa humu, sitaongeza wala kupunguza."

Daktari akauliza kuhusu chakula. Mkalimani akauliza kuhusu chakula. Na mama mdogo akajibu. Akaeleza mchicha wa nyuma ya nyumba, na jinsi chumvi anavyoipunguza sasa, na kwamba siku za shifti ndefu hali kitu mpaka jioni kwa sababu wazee wakisubiri wanalia, na kwamba usiku miguu inamwasha, na kwamba anaogopa ngazi. Sikuwahi kujua kwamba anaogopa ngazi. Nilikuwa nikisikiliza nimshike yule mtu kosa, nakiri, nilikuwa nimeinamia mlango nikilinganisha kila neno, na hakukosea. Alibeba kila kitu. Hata ile habari ya wazee kulia, ambayo mimi ningeiruka. Nikahesabu nikakuta kwamba kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikimpunguza, nikimpeleka kwa watu akiwa mfupi na nadhifu: anakula vizuri, anaumwa kidogo, asante.

Kisha daktari akauliza kama kuna mitishamba yoyote anayotumia, na swali likapita, likamfikia.

"Ipo niliyotumia," mama mdogo akasema. "Mtoto wangu ndiye aliyenipa. Alitaka niimbe."

Mkalimani akaanza kutafsiri.

"Ngoja, baba," akasema. "Sijamaliza."

Na yule mtu kwenye simu akangoja.